Koki ya Namalombe

Shakila Salmini alikutwa kifudifudi sebuleni kwake, Masasi mjini, saa nne kasorobo asubuhi ya Ijumaa. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Zulia lilikuwa limekunywa damu, lakini marumaru zilizolizunguka zilikuwa zinang'aa, na kwenye maungio unyevu ulikuwa haujakauka.

Mtu aliua, kisha akapiga deki.

Ukutani, juu ya maiti, alikuwepo Shakila mwingine. Huyo alikuwa na miaka minane, gauni la njano, mapengo mawili mbele, mkono mmoja umeshika bomba linalotiririka maji. Chini ya picha paliandikwa: TOTO BOMBA, 1998. Nyuma yake ilisimama safu ya watoto wa kwaya, nyuso zimefifia. Wa tatu kutoka kushoto, mwenye shingo ndefu na mdomo wazi, alikuwa Inspekta Selestina Mkwinda.

Aliitazama picha kabla ya kuitazama maiti. Koplo Awadhi aliliona hilo, akanyamaza. Awadhi ni mtu wa Tanga, msemaji sana, lakini anajua pa kunyamaza.

Hakuna mtu wa rika lao nchi hii asiyeujua wimbo ule. Bomba limefika, mama tua ndoo. Redio ziliupiga mpaka betri zikaisha. Bomba lenyewe, pale kijijini Namalombe, mbele ya Kitangari, lilitoa maji asubuhi moja tu. Waliouimba waliambiwa wasubiri. Wanasubiri mpaka leo.

"Pigo moja," Awadhi alisema, amechutama na glavu zake. "Kitu kizito chenye pembe. Na hakipo."

Selestina aliinyooshea kidole rafu ya vikombe vya tuzo. Vumbi lilikuwa limetanda rafu nzima, isipokuwa mraba mmoja mdogo katikati.

"Hapo palikaa nini?"

Aliyejibu alikuwa Yuster, dada wa kazi, ndiye aliyeigundua maiti aliporudi kutoka sokoni. Bado alikuwa ameshika fungu la mchicha.

"Koki, afande. Koki ya shaba, imegongomewa kwenye kibao cha mpingo. Dada alisema ndiyo koki yenyewe, ile ya kwenye wimbo. Rafu ile haruhusu mtu aifute."

"Kingine kilichopungua?"

Yuster aliingia jikoni, akatoka. "Ndoo ya bluu, ya deki. Na taulo la kufutia vyombo."

"Alikuwa mtu wa namna gani, dada yako?"

"Alikuwa..." Yuster aliutazama mchicha. "Alikuwa amechoka, afande. Anajifungia anaangalia kanda zake za utotoni. Mara acheke, mara alie. Anasema alitolewa shule darasa la tatu. Sabuni wanamtaka, dawa ya meno wanamtaka, tamthilia wanamtaka. Akifika miaka kumi na tatu wakamfunga kitambaa kifuani, asionekane amekua. Alivyofika kumi na tano kitambaa kikashindwa. Hawakumwita tena hata siku moja."

"Halafu?"

"Halafu biashara. Saluni ikafa. Batiki ikafa. Sabuni za mwani zikafa. Ndiyo akaja kwenye maji."

Maji hayo Selestina aliyajua. Katoni tano zilikuwa zimepangwa kando ya mlango: Maji Bomba, na kwenye kila chupa sura ile ya mapengo. Miaka minne iliyopita Shakila alirudi kijijini na kibali, akazungushia uzio chemchemi ya bondeni, chini ya Namalombe, akafunga mashine. Tangu hapo kina mama wanaoshuka genge kuteka wanasubiri mashine ishibe kwanza. Kinachobaki ndicho chao.

Mlinzi aliitwa Stefano, mgambo wa zamani. Alisimama wima kama yuko gwaride.

"Nani aliingia leo?"

"Mzee Alfredi, yule wa barua, kutoka Namalombe. Saa mbili na nusu. Anafoka getini mtaa mzima unasikia. Dada akasema mwache aingie. Hakumaliza robo saa, akatoka."

"Mkononi?"

"Mkoba wa makaratasi."

"Baada yake?"

"Hakuingia mtu, hakutoka mtu."

"Una hakika?"

"Afande, hapa nimelinda miaka kumi na moja. Hata paka wa jirani namjua kwa mwendo."

Kufikia saa sita Mzee Alfredi alikuwa mahabusu. Walimkamata posta, amepanga foleni kutuma barua.

*

Mtaalamu wa eneo la tukio alinyunyiza dawa ya kuonyesha damu kwenye sinki la jikoni. Hakuna kitu. Akanyunyiza bafuni, chooni, kwenye mfereji wa nje. Hakuna.

"Hili jambo linanikera," alisema Awadhi. "Mtu kadeki damu. Kakamua taulo, kanawa mikono. Ndoo nzima ya maji machafu. Bomba hili hapa, sinki hili hapa. Kayapeleka wapi? Kayanywa?"

"Wewe ungeyafanya nini?"

"Ningemwaga! Mtu yeyote angemwaga."

"Mtu yeyote wa Tanga," alisema Selestina.

Alitoka mlango wa nyuma. Pembeni ya ngazi palikuwa na mlimau mchanga, urefu wa kiuno. Vitawi vyake viwili vilikuwa vimevunjwa, na jeraha lilikuwa bado jeupe, linatoa unyevu. Chini hapakuwa na jani lililodondoka. Vilivunjwa, vikachukuliwa.

Selestina alisimama pale muda mrefu. Alimwona mama yake akipanda genge la Namalombe, ngata kichwani, ndoo juu ya ngata, na juu ya maji kitawi cha majani kinachoelea. Jani hutuliza maji yasirukeruke. Mwendo wa saa mbili, tone likimwagika ni hasara.

"Koplo. Aliyeua hakumwaga maji kwa sababu hajui kuyamwaga. Mkono wake haujui. Kakunja taulo likawa ngata. Kavunja kitawi, kakiweka ndani ya ndoo. Kajitwika, katoka. Na koki iko ndani ya ndoo, chini ya majani."

Awadhi aliutazama mlimau, akamtazama bosi wake. "Basi ni mtu wa Newala huko juu. Basi ni yule yule Alfredi."

"Wanaume wa kwetu wanabeba maji kwa baiskeli, kwenye madumu. Dumu lina kifuniko. Mwanamume anayetia jani kwenye ndoo mimi tangu nizaliwe sijamwona."

Alimpigia mkuu wake simu. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta pumzi.

"Inspekta, mtu tunaye. Amefoka mbele ya mtaa mzima kwamba huyu mama atakufa. Jumatatu anasomewa shtaka. Sasa wewe unataka niende mahakamani na jani la mlimau?"

"Naomba mpaka kesho jioni, afande."

"Kesho jioni. Baada ya hapo faili naliandika mimi."

Mezani kwa marehemu palikuwa na daftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na neno moja juu, TANKI, na chini yake siku tatu: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Kisha majina ishirini, yote ya kike. Awadhi alidhani ni kwaya. Jumatano inayokuja Shakila alikuwa azindue bomba jipya Namalombe, wapiga picha wamekodiwa kutoka Dar es Salaam, wimbo ule ule uimbwe upya.

"Kwaya gani inaitwa Tanki?" alisema Selestina, akalitia daftari kwenye mfuko wa vielelezo.

*

Mzee Alfredi aliletwa chumba cha mahojiano akiwa peku, mkanda amevuliwa, suruali ameishika kwa mkono. Kifua kilikuwa kinakoroma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ni Sele, binti yake marehemu Scholastika. Umekuwa mkubwa, una nyota mabegani. Sasa unaniitaje, baba au mtuhumiwa?"

"Vyote viwili."

Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Mkoba wake ulikuwa mezani, umefunguliwa. Nakala za barua, miaka ishirini na saba, kila moja na tarehe ya kupelekwa, na mahali pa tarehe ya kujibiwa patupu.

"Getini ulisema nini?"

"Nilisema mtoto huyu atakufa na kiu yetu shingoni."

"Hayo ni maneno ya kutishia kuua."

"Basi andika. Na ukimaliza andika jina la mgeni rasmi wa mwaka ule. Hulikumbuki? Mimi nalikumbuka. Nakumbuka suti yake, na aliyemshikia mwavuli, na wali aliobakiza kwenye sahani. Watu wanatuomba tusahau kama wanaomba chumvi."

"Ndani ulimwona nani?"

"Shakila."

"Na nani mwingine?"

"Shakila."

"Mzima?"

"Mzima, ananijibu jeuri. Anasema, mzee, ningekuwa na maji ya kuwapa ningewapa. Nikamwachia barua, nikatoka."

"Kwenye uwanja wa nyuma hukuona mtu?"

Feni ya dari ilizunguka, inalia kama inasaga kitu.

"Baba. Kesi ya mauaji haina dhamana. Kwa kifua hicho, rumande utamaliza mwaka?"

"Simalizi."

"Basi unamficha nani?"

"Najificha mimi mwenyewe."

Selestina alifungua daftari, akaliweka mbele yake. Mzee alisoma lile neno la juu. Mkono ulioshika suruali ulilegea, akaukaza tena.

"Siku tatu," alisema polepole. "Mungu wangu. Siku tatu zile zile."

"Tanki ni nini, baba?"

"Unakumbuka maji ya siku ile, mlipomaliza kuimba wakawaruhusu mnywe?"

"Nakumbuka. Yalikuwa baridi. Matamu."

"Yalitoka wapi?"

"Bombani."

"Sele, mwanangu. Bomba halikuwa na maji. Mashine ilikuwa haijafungwa hata boliti. Wageni wako njiani, redio imeshatangaza, amri ikaja: tanki la nyuma ya shule lijazwe. Kwa vichwa. Mtendaji wa kijiji alikuwa nani? Mimi. Kengele ya kuwaita wanawake alipiga nani? Mimi. Siku tatu wameshuka genge na kupanda, wanajaza tanki ili mtu mkubwa afungue koki, maji yatoke, apigiwe makofi. Mama yako alikuwemo. Ulikunywa maji ya shingo ya mama yako, ukayaimbia."

Selestina hakuandika. Kalamu ilikuwa mkononi, lakini hakuandika. Mama yake aliishi miaka kumi na tisa baada ya siku ile na hakusema neno. Jioni zote zile binti yake alipokuwa akiimba uani, bomba limefika, mama tua ndoo, mama alikuwa anaendelea kumenya mihogo.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekwambia nini? Ulikuwa na furaha." Mzee alijifuta mdomo. "Kulikuwa na msichana ana mimba ya miezi saba. Aliniomba nimwache. Nikamwambia, kwa maneno yangu haya, abebe nusu ndoo tu. Akateleza gengeni. Kesho yake, nyie mkiimba mbele, sisi watu wanne tulikuwa mikoroshoni nyuma, tunazika kitoto. Tunazika kimya kimya, tusiharibu wimbo. Kuanzia hapo ndiyo nikaanza kuandika barua."

"Jina lake nani?"

"Nilishampigia kengele mara moja," alisema Mzee Alfredi. "Sipigi mara ya pili."

*

Jumamosi saa moja asubuhi Selestina alikuwa tena getini Masasi. Safari hii hakuuliza kama anavyouliza askari.

"Stefano, shikamoo kwanza. Jana niliuliza vibaya. Hapa asubuhi kuna kina mama wanaokuja kuteka maji?"

"Marahaba. Wapo. Dada aliwafungulia bomba la uani, wanapita geti la nyuma. Anasema ni nzuri kwa jina la kampuni."

"Jana walikuja?"

"Kila siku wanakuja."

"Mbona ulisema hakuingia mtu?"

Stefano alishangaa kwelikweli. "Si uliuliza watu, afande? Wale ni kina mama wa maji."

Nani anawahesabu? Kina mama wenye ndoo hawako kwenye picha wala kwenye taarifa, na hawako kwenye kichwa cha mlinzi anayemjua paka kwa mwendo. Selestina alimeza hasira yake, maana Stefano si wa kwanza, wala hatakuwa wa mwisho.

"Baada ya Alfredi kutoka, alitoka mama gani?"

"Mmoja tu, na ndoo. Ya bluu. Nilikwenda kufunga geti la nyuma, nikamwona kwa sababu alikuwa wa mwisho, wenzake wameshaondoka."

"Ndoo ilikuwa na majani juu?"

"Ilikuwa nayo! Nikamtania, nikamwambia mama, unabeba maji au mboga? Hakucheka."

"Anatembeaje?"

"Analala upande. Mguu wa kushoto kama mfupi. Lakini ndoo imetulia, afande. Haitikisiki hata kidogo."

Selestina alifumba macho. Mguu ule alikua akiuona kisimani na mnadani. Watoto waliuigiza, yeye mmojawapo.

"Alielekea wapi?"

"Hapo kwenye kona. Akasimama kwenye ule mpapai wa barabarani, akaumwagilia. Nikasema moyoni, huyu mama ana roho nzuri."

Mpapai ulikuwa umesinyaa, majani yamejikunja kwa kiangazi. Chini ya shina udongo ulikuwa mweusi. Awadhi alipiga magoti, akafukua kwa kijiko, akajaza vichupa vitatu vya sampuli, kimoja cha kupima papo hapo, viwili vya kwenda kwa Mkemia Mkuu. Dawa ilipogusa udongo, ilibadilika rangi.

"Damu," alisema. Kisha, taratibu, "Afande, ameua mtu, halafu akaenda kunywesha mti."

"Maji yangepotea bure," alisema Selestina.

*

Gari lilipanda genge la Newala, likaupita mji, likapita Kitangari. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua. Kando ya njia walikutana na kina mama wawili wawili, ndoo kichwani, majani juu ya maji. Awadhi alianza kuwahesabu kwa sauti. Alipofika arobaini na moja akaacha.

Mbele ya shule ya Namalombe lile guzo la saruji la mwaka 1998 bado limesimama, na bomba la chuma linachomoza kiunoni mwake. Miaka yote bomba lile lilikuwa kisiki, watoto wanalipuliza kama baragumu. Leo lilikuwa na koki. Ya shaba, imesuguliwa ikang'aa, imekazwa kwa utambi wa kanga. Nyuma yake palikuwa na matundu mawili ya misumari pale ilipong'olewa kwenye kibao.

Selestina alimwacha Awadhi ailinde, akaenda nyumba ya tatu kwa miguu.

Mwanaheri, Mama Faidha, alikuwa amekaa mkekani na binti yake. Faidha alikuwa ameegemea ukuta, tumbo limemtangulia, anachambua choroko kwenye ungo. Mwanaheri alipoona sare hakunyanyuka.

"Shikamoo, Mama Faidha."

"Marahaba, Sele. Karibu. Faidha, nenda kwa bibi yako."

"Mama, choroko..."

"Nenda."

Faidha alikwenda, mkono kiunoni, anageuka nyuma kila hatua tatu.

"Unayo haki ya kunyamaza," Selestina alianza. "Lolote utakalosema..."

"Nani wamemshika?"

"Mzee Alfredi."

Mwanaheri aliinua uso kwa ghafla. "Alfredi? Aliniona! Nilikuwa nimekaa ngazini jikoni anapita. Tukasalimiana. Hakuwaambia?"

"Amekataa. Jumatatu anasomewa shtaka la mauaji. Mapafu yake hayatavuka masika."

Mwanaheri alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Mzee mpumbavu. Anafikiri kwa kunifichia hili atanilipa lile. Andika, Sele. Ni mimi."

"Nieleze."

"Aliniita Alhamisi kwa simu. Njoo mlango wa nyuma, mama, nina shida. Nikaenda na basi la kwanza. Alfredi alipotoka, Shakila akaniingiza ndani, akanipa soda. Akaniambia kibali chake cha maji kinakwisha. Sharti walilompa ni kijiji kipate bomba, na waone kwa macho. Mashine yake haiwezi, genge limeishinda. Kwa hiyo Jumatano lazima maji yatoke, hata dakika tano, watu wa picha wapige. Nikamwambia, yatatokaje? Akasema, kama zamani. Akaniomba mimi niwakusanye wenzangu."

"Alijua ya zamani?"

"Ya tanki aliambiwa ukubwani, watu wanasimulia kama kichekesho. Ya mtoto wangu hakujua. Alikuwa na miaka minane. Alikuwa anaimba." Mwanaheri aliokota punje ya choroko, akairudisha kwenye ungo. "Alilia, Sele. Alinipigia magoti. Ananiambia, Mama Faidha, sina kazi nyingine niliyofundishwa. Nilifundishwa kusimama mbele ya bomba. Nikinyang'anywa hili nitakuwa nani? Wallahi nilimhurumia. Nilimwona mtoto yule wa mapengo, watu wazima wamemvisha gauni, wanamsukuma mbele. Nilikuwa karibu kukubali."

"Kisha?"

"Akachukua daftari, anasoma majina. Moja, mbili, tatu. Saba, Faidha. Nikamwambia Faidha ana mimba, miezi saba. Hata hakuinua macho kwenye karatasi."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya ghala.

"Alisema nini, Mama Faidha?"

"Alisema, abebe nusu ndoo."

Jua la saa sita lilikuwa linamwakia Selestina kichwani.

"Nusu ndoo ndiyo niliyobeba mimi," alisema Mwanaheri. "Sijui koki niliishika saa ngapi. Najua tu ilikuwa nzito, na nilijiuliza, kitu kizito hivi, mbona hakikuwahi kutupa hata tone? Akalala chini. Nikamwita. Nikamwita kwa jina lake la utoto. Nikaona damu inakwenda kwenye marumaru, nikadeki. Mtu hawezi kuacha nyumba ya mwenzie vile."

"Ulikuwa na sinki pale jikoni. Kwa nini hukumwaga maji?"

Mwanaheri alimtazama kama ambaye hajasikia vizuri.

"Kumwaga?" alisema. "Ndoo nzima?"

*

Aliomba afunge kanga vizuri, akaruhusiwa. Hakufungwa pingu. Walipofika mbele ya shule watu walikuwa wameshajaa, wanawake wengi zaidi, baadhi wametoka bondeni moja kwa moja, hawakutua ndoo. Hakuna aliyepiga kelele. Faidha alikuwa amekaa chini ya guzo la saruji, amelikumbatia, hapumui sawasawa.

"Mama Faidha, lazima niichukue," Selestina alisema. "Ndiyo silaha. Ni kielelezo cha kwanza."

"Najua. Nilitaka tu ilale nyumbani siku moja."

Simu ya Selestina iliita. Mkuu wake. Alipokea, akasema maneno machache: amekiri, sampuli ipo, koki ipo, mwachieni mzee. Upande wa pili mkuu akauliza sababu ya mauaji, aandike kwenye taarifa.

Selestina aliwatazama wale wanawake wenye ndoo, wamesimama juani hata jani halitikisiki.

"Andika maji," alisema, akakata.

Mwanaheri aliketishwa kwenye gari. Kabla mlango haujafungwa alimshika Selestina mkono. "Siku ile ulikuwa unaimba sauti gani?"

"Ya pili."

"Nilikusikia," alisema Mwanaheri. "Kule mikoroshoni tuliwasikia wote. Mliimba vizuri."

Awadhi alifunga mlango. Alileta spana na mfuko wa vielelezo, akataka kuifungua koki, lakini Selestina akamwashiria ampishe. Ilikuwa kazi yake. Aliuondoa utambi wa kanga, akaushika mkono wa koki, na kabla hajaizungusha alikinga kiganja cha kushoto chini ya mdomo wa koki.

Mazoea tu. Akazungusha, akangoja kidogo, kiganja kimekingwa, na nyuma yake kijiji kizima kikangoja naye.